Video ya kunawa mikono kwa wanafunzi viziwi

Mwanafunzi anayesikia hutazama mikono ya mwalimu huku masikio yakipokea maelezo. Kiziwi ana macho tu kwa kazi zote mbili. Ndiyo maana video yenye mtoa ishara kwenye kijisanduku cha pembeni, na mikono ikisuguliwa katikati, haimfai: akitazama huku, kule kumempita.

Rekodi kwa zamu. Ishara kwanza, mikono itue kwa sekunde 2, kisha kitendo peke yake. Kila hatua na kipande chake: maji, sabuni, viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, vidole gumba, kucha, kusuuza, kukausha. Mtoa ishara awe mtu mzima kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwalimu aliyeijua nusunusu atatafsiri Kiswahili neno kwa neno, na watoto watamkodolea macho tu.

Simu ya kawaida yatosha. Ilaze upande na uiegemeze kwenye tofali, usiishike. Picha ianzie kiunoni, ipite kichwa kidogo, viwiko vyote vionekane. Shati liwe la rangi moja, tofauti na ngozi. Mwanga umpige mtoa ishara usoni; dirisha likiwa nyuma yake, uso unakuwa kivuli, na uso ni sehemu ya sarufi ya ishara. Jua la Kisumu ni kali, hivyo barazani kunafaa kuliko chini ya mwembe, ambako majani huacha mabaka ya mwanga.

Kusugua ni sekunde 20. Wimbo wa kuhesabia hausaidii hapa, basi weka tarakimu kubwa zinazoshuka kutoka 20, na simu itundikwe karibu na kibuyu chirizi, yaani chombo cha kuning'inizwa kinachochirizisha maji ya kunawa, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Nakili video kwenye simu mapema, usitegemee intaneti.

Kupima kama wananawa vizuri, paka mikono ya kila mtoto nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mdalasini wa unga. Anawe kwa maji matupu, piga picha. Anawe kwa sabuni, piga tena. Mabaki hubaki kuchani na kwenye vidole gumba. Usitumie manjano: hutia ngozi rangi, na aliyenawa vizuri ataonekana mchafu. Maswali yangoje mikono ikauke, maana yenye povu haiwezi kujibu.