Ploti ina nyumba mbili? Nje pitisha fiba, shaba iache ndani

Hii ya mtu kuwa na nyumba mbele na ya wapangaji nyuma, au duka liko barabarani na stoo iko ndani huko, iko kote Mombasa, Kisauni, Likoni, Bamburi, na intaneti inaingia sehemu moja tu. Fundi akiitwa anavuta Cat6, ule waya wa shaba wa intaneti, juu ya bati, analipwa, anaenda. Masika ikiingia ndio utaanza kujua.

Shaba inapitisha umeme, kwa hivyo radi ikipiga karibu, ule waya wa nje unaubeba hadi ndani na ruta na swichi zinaungua pamoja. Halafu kuna chumvi ya bahari, konekta zinafanya kutu ya kijani, spidi inashuka pole pole na wewe walaumu kampuni ya intaneti bure. Fiba ni kioo, inabeba mwanga, radi haina habari nayo, na ukiipitisha kando ya nyaya za stima haisumbuliwi na umeme wake. Hata mwizi wa vyuma chakavu haitaki.

Sasa pima umbali. Cat6 mwisho wake mita 100, ukizidisha laini inakatika-katika. Fiba ya single-mode (ile ya masafa marefu) na konvata za kawaida, vile visanduku vya kugeuza mwanga wa fiba uingie kwa waya wa shaba na kinyume, zafika hadi kilomita 20, kwa hivyo ploti yako hata haiisumbui. Na kesho ukitaka spidi kutoka giga 1 hadi 10 wabadilisha vifaa vya ncha mbili tu, waya unabaki pale pale (intaneti yenyewe si inafika hapa kwa fiba chini ya bahari, tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zifike 2009).

Nunua fiba iliyofungwa konekta tayari, hapo huhitaji mashine ya kuunga. Chukua na konvata mbili, moja A moja B, manake moja yatuma kwa mwanga wa 1310 (nanomita, urefu wa wimbi) na kupokea kwa 1550 na mwenzake kinyume, ukiuziwa A mbili hazitaongea hata ukeshe. Angalia rangi pia: konekta ya buluu iingie kwa buluu, usilazimishe ya kijani, ncha yake imekatwa mshazari.

Unapovuta usishike konekta, vuta ile kamba au nyuzi za nguvu zilizo ndani ya waya, pitisha kwenye paipu, na kona zisiwe kali kushinda mdomo wa kikombe cha chai. Kama waya una chuma cha kuning'inizia, kikate nje kabla hujaingia ndani, sivyo hiyo radi umeifungulia mlango tena. Kifuniko cha konekta toa dakika ya mwisho, usiguse ncha, na usichungulie ndani, mwanga ule hauonekani lakini jicho unaweza kuliumiza.

Taa ya fiba kwenye konvata ikiwaka pande zote mbili, kazi imeisha. Kutoka konvata hadi kwa kompyuta tumia shaba, hapo ni rahisi na inatosha, ila ukwangue kidogo uzi wa ndani ya waya kwa kisu dukani kabla hujalipa: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Kamera za ulinzi za nyumba ya nyuma nazo ziwekee stima yake huko huko, fiba haipelekei kamera stima.