Jinsi ya kumwona mhariri kwenye vipindi vya maisha halisi

Mimi nahariri video za harusi na sendofu hapa Sinza. Nikimweka mama mkwe akipiga miayo mara tu baada ya hotuba ya bibi harusi, ukoo mzima utaamini hampendi, kumbe miayo ile aliipiga saa nzima kabla, MC akitangaza zawadi. Wadogo zangu wakiwasha vipindi vyao vya maisha halisi, nawafundisha kumsaka mtu wa kazi yangu.

Anza na mdomo. Mshiriki akisema "mimi simwamini..." kisha picha ikahamia kwa mwingine huku sauti inaendelea, rudisha nyuma usikilize upya. Huenda sentensi hiyo imeungwa kutoka siku mbili. Iliyoungwa haina pumzi katikati, na neno la mwisho hupanda pale ambapo msemaji angeshuka. Maneno ambayo hukumwona akiyatamka, usimhesabie.

Kisha tazama vitu visivyojua kuigiza: glasi, hereni, saa ya ukutani. Juisi ikipungua halafu ikaongezeka ndani ya ugomvi mmoja, basi ule uso wa mshangao umetolewa kwingine. Muziki nao uzime, uone kama bado unamchukia yule uliyekuwa unamchukia.

Kazi ngumu ni kumshtukia anayepambwa, maana watu hudhani mkasi unachafua tu. Kipindi cha The Apprentice, cha washiriki wanaoshindania kazi, kilianza kwenye televisheni ya NBC ya Marekani Januari 2004, Donald Trump akiwa bosi anayefukuza watu ndani ya chumba cha mikutano kilichojengwa kwa ajili ya kipindi, humo humo Trump Tower. Novemba mwaka huohuo kampuni yake ya kasino ilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Waliohusika kukihariri wamesimulia kwamba akimfukuza mtu bila sababu ya kueleweka, walirudi kwenye rekodi kumsakia huyo mtu makosa, ili bosi aonekane ana akili. Hukumu kwanza, ushahidi baadaye! Kwa hiyo ukiletewa shujaa, tenga aliyoyafanya mbele ya kamera na yale ambayo wengine wamemsifia tu.

Na kipindi kikiwa na matangazo ya moja kwa moja, kama Big Brother Africa ilivyokuwa hewani saa 24 kwenye DStv, chagua ugomvi mmoja, uangalie mbichi, kisha uangalie muhtasari wa usiku. Andika kilichoachwa. Mara nyingi ni ule uchokozi ulioanzisha ugomvi wenyewe.