Vijana wa kanisa wakitaka kwenda misheni nje ya nchi: tulivyojifunza kupanga safari ya Mbeya mpaka Karonga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii kwa walezi wa vijana, makatibu, wenyeviti, na kijana yeyote aliyesimamishwa kikaoni akaambiwa "wewe utaratibu safari ya misheni" alafu akarudi nyumbani hajui aanzie wapi. Mimi ni mlezi wa vijana hapa Mbeya, tumeshavuka na vijana kwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, mara tatu, siku tano mpaka saba kila safari, na ile ya kwanza tuliikosea sana. Ntasema wazi tulipokosea maana hapo ndo nilipojifunzia.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Tulikaa sisi wenyewe Mbeya tukaamua tutaenda kupaka rangi kanisa la wenzetu, tukachangisha, tukanunua madebe ya rangi, tukapakia. Tumefika tunakuta kanisa limeshapakwa miezi miwili nyuma na linapendeza, na wenyeji kwa upole wao hawakutaka kutuvunja moyo wakatutafutia ukuta wa nyuma wa ofisi tupake. Kuna kijana wao pale ni fundi rangi, ndiye aliyelipaka kanisa, alikaa kwenye kivuli anatuangalia tunavyomwagia rangi sakafu aliyoisugua mwenyewe. Hakusema neno. Mpaka leo nikimkumbuka inaniuma.

Kwahiyo kitu cha kwanza, kabla ya kuomba hata shilingi moja kwa washirika, andikeni barua kwa wenyeji. Miezi minne kabla au zaidi. Sio barua ya kuwaambia mnakuja kufanya nini, barua ya kuuliza: mna kazi gani ambayo mngependa tushike pamoja nanyi, mnaweza kupokea watu wangapi bila kuumia, na wiki gani tusiwasumbue. Safari ya pili tulipouliza hivyo majibu yalitushangaza, walisema msije wakati wa kuvuna mpunga maana nyumbani hakuna mtu wote wako shamba (na mpunga wa Karonga ni habari nyingine, Malawi nzima wanausifu na wanauita Kilombero, jina la bonde letu huku), wakasema msizidi kumi na tano, na wanachotaka ni mtu wa kuwafundisha vijana wao kinanda, pamoja na nguvu kazi ya kusomba mchanga na matofali ya nyumba ya mwinjilisti. Rangi hakuna aliyeitaja. Tulienda tukawa vibarua wa fundi wao, yeye ndiye anatuamrisha leta maji, leta tope, na vijana wetu walirudi na mikono ina malengelenge na marafiki wa kweli.

Mkishajua idadi, chagueni watu, na hapa wazee wa kanisa wawepo. Msichague kwa uwezo wa mfuko. Ukisema kila mtu ajilipie utapata wale wale watoto wenye nafasi, na yule binti anayeamka saa kumi na moja kufagia kanisa anabaki. Sisi tuliweka hivi, kila kijana alete kiasi kidogo kinacholingana kwa wote, kinachobaki kanisa zima linatafuta. Viongozi wazima wasipungue wawili, mmoja mwanaume mmoja mwanamke, na awepo mtu anayejua huduma ya kwanza kweli kweli sio wa kubahatisha.

Pesa. Kwetu kilichofanya kazi ni mnada baada ya ibada, mama analeta mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, mwingine kiroba cha viazi, mnadishaji akiwa mchangamfu unashangaa jogoo mmoja ameuzwa mara nne kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha. Ongezeni kadi za michango na maandazi ya Jumapili, inatosha. Ila andikeni kila kitu, mweka hazina awe na daftari na asomee washirika mapato hadharani, na kwenye bajeti tengeni fungu la dharura ambalo haligusiki, maana kosta ikiharibika au mtoto akilazwa ndo utajua kwanini nimekwambia.

Sasa makaratasi, na hapa watu wengi wanachelewa. Malawi haiko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwahiyo usidhani kitambulisho cha NIDA kitakuvusha. Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi mafupi ila anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari ambayo Uhamiaji wanatoa kwa bei nafuu zaidi na inatumika nchi za SADC. Pasipoti kamili ni 150,000, hati ya dharura 20,000, angalieni tovuti ya Uhamiaji kabla hamjapiga hesabu maana ada hubadilika. Kinachokwamisha sio hela, ni cheti cha kuzaliwa. Nusu ya vijana wetu hawakuwa nacho au majina yanapishana, shuleni anaitwa hivi cheti kinasema vile, na kurekebisha kunakula wiki. Kwahiyo siku ya kikao cha kwanza kabisa mwambie kila mtu alete cheti chake mezani mkione. Walio chini ya miaka 18 wawe na ridhaa ya wazazi ya maandishi iliyopitia kwa wakili, na mtembee na kopi zake. Barua ya mwaliko kutoka kanisa la Malawi iwe na nembo, mhuri, tarehe na majina yenu wote, na mpakani ukiulizwa sema ukweli, tunakwenda kutembelea kanisa na hii ndo barua yetu.

Chanjo ya homa ya manjano mchome mapema, inatakiwa zipite siku kumi ndo kadi ihesabike, ukishachoma mara moja inatosha maisha yote. Na jamani msichanganye, kuna kadi za njano mbili. Ya kwanza ni hiyo ya chanjo ya mtu, ya pili ni kadi ya njano ya COMESA ambayo ni bima ya gari ukivuka nayo. Sisi dereva aliulizwa kadi ya njano akatoa ya chanjo yake kwa kujiamini kabisa, tukakaa pale masaa matatu. Kama mnavuka na kosta, mwenye gari awe na bima hiyo, kibali cha muda cha kuingiza gari, na pembetatu mbili za barabarani, maana vizuizi vya polisi upande wa kule ni vingi. Kama hayo yanawashinda fanyeni tulivyofanya mara ya tatu, kosta ilitushusha Kasumulu mpakani ikageuza, tukavuka daraja la mto Songwe kwa miguu na mabegi yetu, ng'ambo tukakodi gari la Malawi mpaka Karonga mjini, ni kama kilometa hamsini tu, nafuu na bila presha.

Mabelo ya mitumba msibebe. Forodha watayahesabu bidhaa, na hata yakipita, kule nguo zinauzwa sokoni na kuna mama anaishi kwa kuuza hizo nguo, mkimwaga za bure mmemuua. Hela badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni, wale wanaokukimbilia mpakani na mabunda ya kwacha waacheni, kijana wetu mmoja alipewa bunda juu noti kubwa katikati noti ndogo tupu. Laini za kule ni Airtel na TNM, inatosha asajili kiongozi mmoja au wawili na namba zao wazazi wawe nazo kwenye grupu la WhatsApp kabla hamjaondoka.

Kuhusu saa nisikilizeni vizuri. Malawi wako nyuma yetu saa moja. Simu ikishika mtandao wa kule inajibadilisha, saa ya mkononi haibadiliki, kwahiyo nusu ya kundi linaishi Tanzania nusu linaishi Malawi. Alafu juu ya hapo sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili wao wanahesabu kizungu, mchungaji akisema ibada ni saa tisa anamaanisha ile ambayo sisi tunaita saa tatu asubuhi, kwa saa ya kule, ambayo kwenye saa ya Tanzania ni saa nne. Siku ya kwanza mkutanike wote mkarekebishe saa pamoja, na kila ratiba muirudie kwa kuuliza "asubuhi au mchana?"

Lugha isiwatishe. Vijana wetu wa Rungwe na Kyela wakiongea Kinyakyusa Wangonde wa Karonga wanawaelewa vizuri tu, ni ndugu hao, mto ndo umewagawa. Kwa wengine jifunzeni Kichewa kidogo, "muli bwanji" ndo habari zenu, "zikomo" ni asante, na wanaoongea Kitumbuka ukiwaambia "yewo", yaani asante, wanafurahi sana. Nyimbo wanaita nyimbo, nyumba wanaita nyumba, Mungu ni Mulungu, ukitega sikio unaona tuko nyumbani. Kiswahili pia wapo wanaokijua kwa sababu ya biashara za mpakani, lakini msifike mkaanza kukiongea tu kama vile ni wajibu wao kuelewa.

Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hakuna aliyetuambia kabla. Watu wa Kiswahili wana historia Karonga na sio nzuri. Miaka ya 1880 alikuwepo mfanyabiashara wa watumwa anaitwa Mlozi, aliweka ngome karibu na hapo, na mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde waliokuwa wamekimbilia Kambwe kwenye matete kando ya ziwa wakawaua wengi, wengine wakachukuliwa utumwani. Vita ikaendelea miaka, mwisho Waingereza wakamnyonga mwaka 1895. Mzee mmoja alitusimulia jioni tukiwa tumekaa nje, taratibu, bila hasira, wala hakutulaumu sisi. Lakini niliwaangalia vijana wangu waliokuwa wamekuja na fikra kwamba tunawaletea watu nuru, kimya kikatanda. Kwahiyo sasa hivi kabla ya safari tunakaa jioni moja nzima kusoma historia ya tunakokwenda. Fanyeni hivyo popote mnapokwenda, iwe Burundi, Zambia, Msumbiji. Huwezi kumhubiria mtu ambaye hujataka kujua ameumizwa na nini. Na lile ziwa sisi tunaita Nyasa wao wanaita Malawi, mkiwa kwao msibishane, hamkwenda kupima mpaka.

Mkiwa kule laleni kwenye nyumba za washirika kama wenyeji wamekubali, wawili wawili, jinsia moja, na viongozi wapite kila jioni kuwaona. Mtakula nsima ambayo ni ugali, na usipa ambao ni dagaa, kuleni mnachopewa na mfike na mchele, sukari na sabuni ili mwenyeji asikope kwa ajili yenu. Mabinti wabebe vitenge, vijijini mavazi yanaangaliwa. Chandarua na dawa ya malaria mkae nayo. Kuogelea ziwani hapana hata kama watoto wa kule wanaogelea, kichocho kipo na mamba wapo, mimi siwezi kumrudishia mzazi maelezo.

Picha, msipige mtoto wa watu akiwa mchafu au analia mkaweka mtandaoni ili washirika waone mlivyohudumia. Ulizeni mzazi kwanza, na jiulize kama ungependa mdogo wako apigwe hivyo. Kwenye kuombea wagonjwa ombeni kwa imani yote, lakini asitokee kijana kumwambia mtu aache dawa, iwe ARV au sukari au presha, hilo nalikemea mapema kabla hatujavuka. Na hela msigawe mkononi. Mtu akikueleza shida yake mpeleke kwa mchungaji wa pale au mzee wa kanisa, wao ndo wanajua nani ana shida na watabaki naye mkishaondoka.

Kubwa kuliko yote ni ahadi. Kijana akishaguswa moyo anasema "tutawaletea kinanda," "ntakusomesha," "mwakani tunakuja tena," anasema kwa upendo kabisa na anamaanisha, alafu anarudi nyumbani maisha yanambana. Yule mtoto wa Karonga anabaki anahesabu miezi. Tulikuta msichana aliyekuwa anaulizia dada mmoja wa safari ya kwanza aliyemuahidi daftari na sare za shule, na huyo dada alishahamia Dodoma wala hakumbuki. Sheria yetu sasa ni moja, hakuna anayeahidi kitu, wala mimi. Kama kuna jambo tumeona linafaa tunaliandika, tunarudi nalo kwa wazee, likipita kwenye kikao na hela ipo ndo mwenyekiti anampigia mchungaji wa kule.

Mkirudi toeni ripoti kanisani na hesabu mpaka noti ya mwisho, pamoja na yaliyoharibika. Alafu waalikeni waje. Mwaka jana vijana tisa wa Karonga walikuja kwetu wiki nzima, tukawasaidia nauli kutoka Kasumulu, na yule fundi rangi alikuwepo. Alikagua kanisa letu, akatuonyesha sehemu ambapo plasta imefyonza maji, akasema mkipaka juu ya hii itabanduka. Jumatatu tulimkabidhi brashi, vijana wetu wakawa wanamshikia ngazi.