Kujifunza kuchora tatuu: tazama ngozi kwanza, mashine baadaye

Haupiti mwezi bila kijana mmoja au wawili kupanda ngazi mpaka chumbani kwangu Kinondoni kuomba niwafundishe kuchora. Swali lao la kwanza huwa lilelile: "Kaka, mashine inauzwa shilingi ngapi?" Nawaambia wakae kwenye benchi, wamtazame mteja mmoja tangu anapoingia hadi anapotoka, bila kusema neno. Wengi huondoka kabla mteja hajavua shati. Hawa wanaobaki ndio ninaowaandikia.

Mimi nilianzia kwenye mpingo. Nilipomaliza darasa la saba mjomba alinichukua Newala akanileta Dar, pale Mwenge kwenye vinyago. Muda mrefu sikuruhusiwa kushika patasi. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kung'arisha. Mjomba aliweza kukaa na gogo asubuhi nzima. Analigeuza, analigonga kwa kucha, anatafuta ufa umeelekea wapi na ule mti mweupe wa nje unaishia wapi kabla ya kuukuta weusi. Siku hizo nilidhani anapoteza muda. Mpingo hukua polepole sana, kwa hiyo gogo likiharibika umepoteza miaka mingi ya mti. Lakini hata hapo fundi ana pa kukimbilia: mzee aliyekusudiwa kusimama atachongwa ameketi, na mnunuzi hatajua. Kwenye mkono wa mtu hakuna pa kukimbilia.

Basi anza na penseli, na anza na mistari. Simba, waridi na mabawa weka kando. Chora mstari wa urefu wa kiganja chako kwa pumzi moja, mkono ukitoka kwenye kiwiko na bega; vidole kazi yao ni kushikilia tu. Chora duara ambalo mtu hawezi kukuonyesha ulipoanzia. Jaza madaftari. Mkono ukitulia, hamia kwenye chungwa. Chungwa lina mviringo kama bega la mtu, na lina ukweli: ukizamisha sindano kupita kiasi, maji yanatoka. Kisha nunua ngozi ya bandia, ile ya silikoni, uizungushe kwenye paja lako na kuifunga, ili ujifunze kuchora juu ya kitu kinachopumua na kutikisika.

Mashine yenyewe ina asili ya kalamu. Mwaka 1876 mvumbuzi wa Kimarekani Edison alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya kalamu ya umeme iliyotoboa karatasi ili maandishi yanakiliwe, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York akapata hataza ya mashine ya tatuu iliyofuata kanuni hiyohiyo. Ukiishika utaona tabia ya kalamu haijaitoka, inakuvuta twende, twende. Kuishika nyuma ni kazi yako.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo wengi wanaharibu watu.

Ngozi ina tabaka la juu ambalo hujimenya na kujirudishia kila baada ya wiki kadhaa, na tabaka la chini yake ambalo linakaa. Wino ukibaki juu, utapukutika na magamba. Ukiuzamisha mno, unatambaa pembeni kama wino uliomwagikia karatasi ya gazeti, na ule ukungu wa bluu kandokando ya mstari hauondoki. Unapotafuta ni kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, na kinabadilika mwilini: ndani ya kifundo cha mkono ngozi ni nyembamba, mgongoni ni nene, kwenye mbavu inacheza na pumzi. Huwezi kupima kwa macho. Unapima kwa mkono wa pili, ule unaovuta ngozi. Ngozi ikiwa imekazwa vizuri, sindano inaingia kwa mlio mmoja usiobadilika. Ikilegea, mlio unakuwa mzito na mstari unakatika vinundu. Nikiwa na mwanafunzi mara nyingi namgeuzia mgongo, nasikiliza tu.

Na ngozi zetu ni nyeusi. Mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yanafanywa juu ya ngozi nyeupe, na vijana wanayaiga kama yalivyo. Weusi wa ngozi uko kwenye tabaka la juu, wino uko chini yake. Kwa hiyo rangi yoyote unayoweka utaitazama kupitia rangi ya mtu mwenyewe. Njano na rangi za kupauka huzama. Nyeusi hukaa, na nyekundu iliyokolea na bluu nzito hukaa kwa wengi, lakini weka kwanza vitone viwili vitatu mahali pa siri, mwache mteja aende, arudi vikishapona. Mistari iwe minene kidogo, na uache nafasi za ngozi tupu katikati. Ukibananisha, baada ya miaka michache utakuwa umemchorea mtu doa.

Somo hilo nililipata usoni kwa bibi yangu. Alikuwa na nembo, kama wanawake wengi wa Kimakonde wa umri wake. Neno lenyewe ndilo hilo. Kabla watu hawajazoea kuliona kwenye barua za serikali, nembo ilikuwa alama inayochanjwa mwilini, na Wamakonde huiita dinembo. Bibi alinisimulia jinsi fundi alivyomchanja kwa kisu kidogo, akapaka masizi ya mbarika, na kidonda kilipopona akarudia tena ili weusi ukolee. Nilipokuwa mdogo niliona mikunjo tu. Niliporudi Newala nikiwa tayari nimeanza kuchora, nilikaa naye ukumbini nikamtazama upya. Mashavu yalikuwa yamelegea, ngozi imekunjamana, na bado kila pembe ilisomeka, mistari mitatu inayoelekea sikioni, kila mmoja mbali na mwenzake. Yule fundi aliijua ngozi nyeusi. Nilinakili ule uso kwenye daftari, na daftari hilo liko mezani kwangu hadi leo.

Kabla ya kukubali kazi, muulize mteja kuhusu makovu. Wengine hawajui, kwa hiyo tazama mwenyewe: ile alama ya chanjo ya kifua kikuu mkononi, tundu la hereni, kovu la utotoni gotini. Ukikuta kovu lililovimba likavuka mipaka ya kidonda, mrudishe nyumbani kwa heshima. Sindano yako inaweza kumwotesha kovu la aina hiyohiyo, na hakuna mchoro unaofaa kulipiwa bei hiyo.

Usafi sina maneno mengi, ila sina msamaha. Sindano mpya kwa kila mtu, ifunguliwe mbele yake. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo na kinachobaki kimwagwe, hata kama kimebaki nusu na wino ni ghali. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka ambalo hata hulioni kwenye waya wa mashine. Ndiyo maana waya nao unavalishwa nailoni. Vyombo vya chuma vinavyorudiwa vipikwe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kiberiti, maji ya moto na spiriti havitoshi. Sindano zilizotumika ziingie kwenye boksi la njano kama hospitalini. Na wewe mwenyewe, kabla hujamgusa mtu yeyote, kapime kisha uchanjwe chanjo ya homa ya ini, dozi zote tatu.

Umeme nao. Mwanzoni nilikuwa natumia mashine ya waya, na ulikatika nikiwa katikati ya mstari mrefu wa mgongo. Giza, joto, mteja analala kifudifudi ananiuliza kulikoni. Usifuate mstari kwa tochi ya simu. Futa, funika, subiri. Siku hizi natumia mashine ya betri, na betri ya pili iko mfukoni.

Nikirudi kwenye tabia, kwa sababu vijana wenye mkono mzuri ndio wanaoteleza hapa. Mwaka wangu wa tatu alikuja kijana, fundi wa pikipiki, akataka njiwa mdogo kwenye mkono wa mbele. Alionyesha kwa kidole gumba: "Asizidi hapa." Alisema ni kwa ajili ya mama yake, hakuongeza. Nilianza vizuri. Lakini siku hiyo mkono ulikuwa umekubali, kila mstari unakaa, na nikaona manyoya ya bawa yanavyoweza kufunguka mpaka kwenye kiwiko. Nilimwambia, "Nikuongezee kidogo hapa?" Akasema, "Wewe ndiye fundi." Nikachukua hilo kuwa ni ruhusa. Saa tatu baadaye alikuwa na njiwa mkubwa mwenye bawa lililonyooka, kazi ambayo mpaka leo kama kazi sioni kosa lake. Alijitazama kwenye kioo kimya. Akasema "nzuri," akalipa, akashukuru. Miezi michache baadaye tulikutana Kariakoo, jua la mchana, watu wote wamelowa jasho. Yeye alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo. Tulisalimiana vizuri. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na wanafunzi wangu wanaufuata. Mteja akija mara ya kwanza hatuchori. Tunaongea. Namwacha aseme anachotaka, na ninakirudia kwa maneno yake mwenyewe mpaka aseme "ndiyo, hivyo." Nachora kwenye karatasi kwa ukubwa uleule, tunaibandika mwilini, anatembea nayo, anajitazama akiwa amesimama na akiwa amekaa. Kama ni maandishi, anaisoma kila herufi kwa sauti, na tarehe anaiandika yeye kwa mkono wake. Kama ni jina la mpenzi, arudi baada ya mwezi. Aliyelewa, aliye chini ya miaka 18, aliyesukumwa na marafiki walioko nje wanacheka, hao hatuwachori. Na mteja akisema "wewe ndiye fundi," weka mashine chini umuulize tena. Mara nyingi maneno hayo yanamaanisha kwamba ameona aibu kukukatalia.

Yale manyoya yaliyokujia kichwani usiyatupe. Yaweke kwenye daftari. Nina madaftari mengi ya michoro ambayo hakuna aliyeiomba, na mara kadhaa mtu ameingia, akayafunua, akasimama kwenye ukurasa mmoja na kusema, "Hiki." Kuna mchoro uliokaa humo miaka minne kabla ya kumpata mwenyewe.

Wengine watakuambia kazi hii ni dhambi, pengine wazazi wako ndio watakaokuwa wa kwanza. Usibishane na mzee juu ya dini yake. Mteja naye akikuambia nyumbani kwao hawataki, huo ni mwezi mwingine wa kusubiri.

Mteja anapoondoka, mpe maelekezo kwa maandishi: aoshe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, apake mafuta kiasi kidogo tu, asikwaruze magamba, asiingie baharini wala kukaa juani mpaka ngozi ifunge, wiki mbili tatu. Mpigie siku ya tatu. Mafundi wengi hawapigi.

Ngozi ya kwanza ya kweli iwe yako. Mimi nilichora kigimbi changu cha kushoto, mistari mitatu niliyoinakili shavuni kwa bibi. Ilipopona nilisafiri nayo mpaka Newala, nikakunja suruali nikaweka mguu wangu kwenye mkeka mbele yake. Alivuta taa karibu. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi kwenye wa pili, akasimamisha kidole mahali ambapo wino ulikuwa umetambaa kidogo, mahali nilipodhani hapaonekani.

"Hapa," akasema, "ulikuwa unataka kumaliza."