Jifunze Kuusoma Mwanga Kwanza: Mwongozo wa Kupiga Picha kwa Mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wa vyuo vya hapa Mbeya hunijia mara kwa mara wakiuliza wanunue kamera ipi, na kila mara huwaomba waliweke swali hilo kando kwa mwezi mmoja. Simu waliyo nayo mfukoni inatosha kabisa kujifunzia jambo la kwanza katika kazi hii, nalo ni kuutambua mwanga: unatoka upande gani, ni mkali au ni laini, una rangi gani, na unauangukiaje uso wa mtu. Mwezi huo ukipita, mwanafunzi hurudi akiwa na maswali tofauti kabisa, na hapo ndipo mazungumzo kuhusu kamera huwa na maana.

Anza kwa kulijua jua la mahali unapoishi. Saa za Tanzania zimepangwa kwa kufuata nyuzi 45 Mashariki, mstari unaopita baharini, mashariki ya nchi yetu, ilhali Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu. Kwa sababu hiyo jua la Mbeya hufika juu kabisa kati ya saa 6:30 na saa 7:00 mchana kutegemea majira ya mwaka, na huchomoza na kuzama takriban dakika 20 baada ya jua la Dar es Salaam. Mwezi Juni jua huchomoza hapa karibu na saa 1:00 asubuhi. Tena, katika ukanda wetu wa tropiki jua hupanda karibu wima, hivyo ule mwanga laini wenye rangi ya dhahabu unaosifiwa na wapiga picha hudumu kama nusu saa tu baada ya macheo na nusu saa kabla ya machweo. Ukitaka kupiga picha ya jiji ukiwa kwenye miteremko ya Loleza, au ya Iringa ukiwa juu ya jiwe la Gangilonga, uwe umekwisha kufika, umechagua mahali pa kusimama na umeifuta lenzi kabla jua halijatokeza. Anayeanza kupanda jua likiwa limechomoza atafika juu mwanga umekwisha kuwa mkali.

Saa za mchana zina ugumu wake. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita utosini kabisa katika eneo letu, na mtu akisimama uwanjani saa hizo macho yake huzama katika vivuli vyeusi huku paji la uso na pua vikimeremeta. Dawa yake ni rahisi: msogeze chini ya baraza au kwenye kivuli cha jengo, kisha mgeuze uso wake uelekee upande wenye anga wazi. Ukuta mweupe ulio mbele yake, shuka jeupe, au hata karatasi ya manila iliyoshikwa na rafiki kifuani pake, vyote hurudisha mwanga usoni na kuyafungua macho. Siku za mawingu, ambazo Uyole na Tukuyu tunazo nyingi, zisikuvunje moyo, kwa maana wingu husambaza mwanga na kuupunguzia ukali, na picha nyingi za watu hupendeza zaidi siku hizo kuliko siku ya jua kali.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza linafanyika ndani ya chumba cha bweni. Mwombe mwenzako aketi kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima taa ya umeme, kisha umpige picha akilitazama dirisha, halafu akiwa amelipa ubavu, halafu akiwa amelipa mgongo. Msogeze hatua moja mbali na dirisha, urudie. Baada ya picha kumi na mbili hivi utaona kwamba uso uleule umekuwa bapa katika picha moja, ukawa na umbo na kina katika nyingine, na ukapotea gizani katika ya tatu. Sijui zoezi jingine linalofundisha mengi kwa muda mfupi namna hii, na ningemshauri mwanafunzi alirudie kila juma kwa watu tofauti.

Kutoka hapo nenda sokoni, kwa mfano Mwanjelwa, ujifunze kuhusu rangi ya mwanga. Muuza parachichi aliyeketi chini ya turubai la buluu hupata mwanga wa buluu usoni, na chini ya turubai la rangi ya chungwa ngozi yake hugeuka kana kwamba ana homa ya manjano. Kamera ina mpangilio wa kusawazisha rangi nyeupe, lakini mpangilio huo hutibu rangi moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa nusu ya uso inapata mwanga wa turubai na nusu nyingine mwanga wa anga, hakuna kitufe kitakachokusaidia. Subiri hadi mhusika asogee ukingoni mwa kibanda, mahali ambapo mwanga wa nje unaushinda ule wa turubai.

Kamera huona kijivu

Hili ndilo somo ambalo wanafunzi wengi hulikosa, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui unapiga picha ya nini. Kimeundwa kwa kudhani kwamba eneo lililo mbele yake, likichanganywa lote pamoja, lina mng'ao wa kijivu cha kati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukielekeza kamera kwenye ukungu mweupe uliotanda juu ya mashamba ya chai ya Tukuyu au Mufindi, itaudhania kuwa ni kijivu kilichopata mwanga mwingi mno, itapunguza mwanga, na ukungu utatoka mchafu kama moshi. Ukiielekeza kwenye joho jeusi la mahafali lililojaza fremu yote, itaongeza mwanga, na joho litatoka limepauka. Kazi yako ni kuisahihisha. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kwa ukungu jumlisha hatua moja (+1), kwa joho jeusi punguza hatua moja (-1), kisha utazame matokeo. Kwenye simu nyingi gusa kitu unachotaka kionekane vizuri, alama ya jua itatokea kando, nawe uitelezeshe juu au chini kwa kidole.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga angavu, kipima mwanga hulifuata anga, na uso wake hutoka kama kivuli kisicho na macho. Historia nayo ilichangia: kwa miongo kadhaa maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi haikuwa sehemu ya kipimo hicho. Kwa hiyo usimlaumu rafiki yako kwamba hatoki vizuri kwenye picha. Pima mwanga usoni pake na uliache anga lipauke ikibidi, au, bora zaidi, badili mahali pa kusimama ili nyuma yake kuwe na miti, mlima au ukuta wa rangi iliyokoza. Mwanga unaotoka ubavuni huipendeza ngozi nyeusi kwa namna ya pekee, kwa sababu huacha mng'ao kwenye mashavu na paji la uso, na mng'ao huo ndio unaolichora umbo la uso.

Namba tatu

Ukipata kamera yenye lenzi za kubadilisha, iwe ya kuazima au ya mtumba, utakutana na namba tatu zinazotawala kiasi cha mwanga. Ya kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi, unaoandikwa f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na kuendelea. Namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa, na kila hatua katika mfuatano huo hupunguza mwanga kwa nusu. Ya pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, kama vile sehemu 1/125 ya sekunde. Ya tatu ni ISO, ambayo kwa lugha nyepesi ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupokea. Ikipanda sana picha hujaa chenga. Namba hizi hufidiana. Picha ya f/8 kwa 1/125 hupata mwanga sawa na picha ya f/5.6 kwa 1/250, ikiwa ISO haikubadilika, na mwanafunzi anayelielewa sawazisho hilo amekwisha kuvuka sehemu ngumu.

Zinatofautiana katika matokeo mengine. Tundu kubwa huacha sehemu ndogo tu ya picha ikiwa kali na kuyafifisha yaliyo nyuma, jambo linalopendeza kwa picha ya mtu mmoja, lakini ukiwapiga wanadarasa waliosimama safu tatu kwa f/2 safu ya nyuma itafifia, tumia f/8. Kasi ya shata huamua kitu kinachokwenda kitaonekanaje. Simama mahali salama kando ya barabara, umpige mwendesha bodaboda kwa 1/500, naye ataonekana amesimama tuli. Kisha shusha hadi 1/30, mfuate kwa kamera kwa mwendo wake huku ukibonyeza, na barabara nyuma yake itageuka mistari huku yeye akibaki anaonekana. Utaharibu picha nyingi kabla ya kupata moja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Unaposhika kamera mkononi, kasi isiwe chini ya sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi: kwa lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 1/60 hivi, la sivyo mkono wako utaitikisa picha. Ikiwa uko kwenye jua kali na kipima mwanga kimekuchanganya, weka f/16, ISO 100 na kasi ya 1/100 au 1/125, na picha itakaribia kuwa sawa. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki kabisa, kwa hiyo simu hucheza na kasi na ISO tu, na ule ufifishaji wa nyuma unaouona katika picha zake hufanywa na programu.

Kuhusu mpangilio wa picha nitasema machache. Sogea karibu kuliko unavyodhani inafaa, nyoosha mstari wa upeo wa macho, angalia pembe nne za fremu kabla ya kubonyeza, na hakikisha nguzo ya umeme haioti kichwani mwa mtu. Mengine yatakuja kwa kutazama picha nyingi za watu wengine na kujiuliza mpiga picha alisimama wapi.

Baridi, unyevu na watu

Nyanda zetu zina mambo yake ambayo miongozo ya nchi nyingine haiyagusi kwa namna inayotufaa. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulio kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, maua huchanua wakati wa mvua, na baridi ya asubuhi hupunguza nguvu ya betri kwa haraka. Weka betri ya akiba katika mfuko wa ndani wa koti ipate joto la mwili. Upepo wa huko hutikisa maua, kwa hiyo tumia 1/250 au zaidi na upige picha kadhaa mfululizo. Ukirudi kwenye chumba chenye joto, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia na uiache humo hadi ipate joto la chumba, ili umande utande juu ya mfuko na si ndani ya lenzi. Unyevu wa muda mrefu huotesha kuvu kwenye vioo vya lenzi. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya usivitupe. Viweke kwenye begi la kamera. Nawe unaponunua lenzi ya mtumba, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, na ukiona nyuzi kama za buibui ndani yake, iache.

Watu nao hawapigwi picha kama maua. Msalimie kwanza: shikamoo kwa mkubwa, na vijijini Iringa neno kamwene hufungua mlango haraka kuliko maelezo marefu. Sema wewe ni mwanafunzi unayejifunza, omba ruhusa, na akikataa shukuru uende zako. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Maeneo ya jeshi usiyaelekezee kamera kabisa. Ukiahidi kumpelekea mtu picha yake, mpelekee. Mama wa sokoni aliyewahi kuahidiwa na wanafunzi watatu bila kuona picha hata moja ana haki ya kumkatalia wa nne.

Kila jioni chagua picha tano tu kati ya zote ulizopiga, uziandikie kwenye daftari mahali, saa na mwelekeo wa mwanga, na uzihifadhi sehemu mbili tofauti, kwa kuwa simu huibiwa na kadi za kumbukumbu huharibika. Programu ya bure kama Snapseed inatosha kunyoosha picha iliyoinama na kurekebisha mwanga kidogo. Mwisho wa mwezi nenda studio usafishe picha tatu za ukubwa wa inchi 4 kwa 6. Zitatoka nyeusi kidogo kuliko zilivyoonekana kwenye simu, kwa sababu kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe na karatasi haitoi. Kwa hiyo ziongezee mwanga kidogo kabla ya kuzipeleka, kisha uzitazame kando ya lile dirisha ulilofanyia zoezi la kwanza.