Kusoma sensa nne za mkao kwa pamoja bila kudanganyika

Kinu ninachokihudumia hapa Tanga kina rola nne za kusagia mawe ya chokaa, na kila rola ina sensa yake ya mkao, hizi tunazoziita LVDT. Tofauti kati ya rola na rola ndiyo inayotuambia kama tuendelee kusaga au tusimamishe. Kwa hiyo haitoshi kila sensa iwe sahihi peke yake, lazima zote nne zisomwe kwa wakati ule ule. Fundi mwenzangu, hapo ndipo wengi wanapoharibu.

LVDT ina koili (waya uliozungushwa mara nyingi) ya msingi katikati, koili mbili za upili kando yake, na kiini cha chuma kinachoteleza ndani. Koili ya msingi inapewa umeme wa mkondo geu. Kiini kikiwa katikati, koili za upili zinatoa volti sawa na zinafutana. Kikisogea, upande mmoja unazidi. Ukubwa wa tofauti ni umbali, na awamu yake, yaani wimbi linatangulia au kuchelewa kiasi gani likilinganishwa na lile la koili ya msingi, inakwambia kimesogea upande gani.

Anza na chanzo cha mawimbi, na kiwe kimoja kwa sensa zote. Ukiipa kila sensa oskileta (saketi ya kuzalisha mawimbi) yake, moja ikawa herzi 2,500, yaani mawimbi 2,500 kwa sekunde, na nyingine 2,503, nyaya zikipita karibu karibu utaona usomaji unapanda na kushuka mara 3 kwa sekunde, kama ngoma mbili zenye mapigo yasiyolingana. Ubaya wake ni kwamba mchezo huo unafanana kabisa na rola inayocheza kweli. Utabadilisha beringi isiyo na kosa lolote.

Piga hesabu ya mkondo kabla ya kuunga. Koili ya msingi yenye omu 400 kwa mawimbi hayo, ukiipa volti 3, inavuta miliampea 7.5. Nne ni miliampea 30, na ampilifaya ndogo ya kawaida haiwezi kuzibeba vizuri. Weka ya nguvu zaidi, kisha tazama mawimbi kwenye oskiloskopu, kifaa kinachoyachora kwenye skrini, sensa zote zikiwa zimeungwa. Kilele kikiwa bapa, usiendelee. Halafu fungua mipangilio ya inveta (vifaa vya kudhibiti mwendo) za mota zilizo jirani uone zinakatakata umeme kwa kasi gani. Nyingi ziko kati ya herzi 2,000 na 8,000, na mawimbi yako yasiangukie kwenye kasi ile ile uliyoikuta.

Kadi ya kusomea, ile inayogeuza volti kuwa namba za kompyuta, iwe inayonasa chaneli zote, yaani njia za sensa zote, kwa mpigo mmoja. Kadi ya bei nafuu husoma chaneli ya kwanza, ikahamia ya pili, ikahamia ya tatu. Rola ikitikisika milimita 1 kila upande, mara 10 kwa sekunde, inapopita katikati mwendo wake unafika karibu milimita 63 kwa sekunde. Chaneli mbili zikipishana kwa milisekunde 5 tu, umeshajitengenezea tofauti ya milimita 0.3 ambayo kinuni haipo.

Saa ya kadi, inayopanga lini isome, na mawimbi ya kuchochea, yale yanayolishwa koili ya msingi, vitoke mahali pamoja. Kwa herzi 2,500 mimi nachukua sampuli (vipimo vya papo hapo) 40,000 kwa sekunde kwa kila chaneli, yaani 16 kamili kwa kila wimbi. Programu inazidisha sampuli hizo kwa jedwali la saini, na kando yake kwa jedwali la kosaini, ambalo ni wimbi lile lile lililosogezwa robo, kisha inatafuta wastani wa milisekunde 20. Milisekunde 20 nimezichagua kwa makusudi: ndiyo mzunguko mmoja wa umeme wetu wa herzi 50, kwa hiyo mvumo wa gridi unajifuta wenyewe. Gharama yake ni kwamba mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde unasomeka pungufu kwa takriban asilimia 6. Kwangu hiyo inavumilika.

Usichukue ukubwa tu wa majibu hayo mawili. Ukubwa hauna hasi, na hapo katikati hautafika sufuri kwa sababu kelele zote zinahesabiwa kama mwendo. Sogeza kiini mbali na katikati, pima awamu ya sensa hiyo na kebo yake halisi, kisha programu isome sehemu iliyo kwenye awamu hiyo peke yake. Kila sensa ina pembe yake, maana kebo ndefu inachelewesha zaidi. Mawimbi ya kuchochea nayo yapewe chaneli, ugawanye kila usomaji kwa hayo, ili volti ikishuka kidogo isionekane kama rola imeshuka.

Kebo ni jozi iliyosokotwa yenye ngao, moja kwa kila sensa, na ngao iungwe ardhi upande wa kabati tu. Viungio navikagua kwa mkono. Huku kwetu vumbi la chokaa likikutana na unyevu wa bahari linaganda ndani ya plagi kama lipu, na ukilikwangua unakuta pini zimeota kijani. Plagi ya namna hiyo inasoma vizuri asubuhi kukiwa kukavu, inayumba ikinyesha. Usiisafishe, ikate uweke mpya yenye mpira wa kuziba.

Usawazishaji, yaani kulinganisha usomaji na umbali unaojulikana, ufanyike sensa ikiwa mahali pake, kwa vipande vya chuma vya kipimo, ukipanda na ukishuka, kwa sababu vishikizo vikilegea njia mbili hizo hazitafanana.

Mwisho, sogeza kiini cha sensa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, huku mwenzako akiangalia nyingine tatu kwenye skrini. Yoyote ikitikisika, rudi kwenye ampilifaya na njia za kebo kabla ya kumruhusu mwendeshaji awashe kinu.