Kontroli boksi ya Corolla AE100: hakikisha imekufa, jua kilichoiua, ndipo ubadilishe

Mwongozo huu ni wa Toyota Corolla AE100 za 1991 hadi 1995 zenye injini ya 5A-FE. Toyota nyingine za petroli za miaka hiyo hufuata mantiki hiyohiyo, lakini rangi za waya na mpangilio wa pini hutofautiana, kwa hiyo uwe na mchoro wa umeme wa gari ulilonalo mbele yako.

Kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini, haifi hivihivi. Huwa imezeeka kwa ndani, au imeingiwa na maji, au kuna kifaa cha nje kimeiunguza. Ukifunga nyingine bila kujua ni kipi kati ya hivyo vitatu, unaweza kuiunguza nayo siku hiyohiyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kupima, na kufungua skurubu ni dakika chache tu.

Andaa mita ya dijitali, spana ya boksi namba 10, bisibisi ya nyota, sindano mbili nyembamba na kipande kifupi cha waya. Taa ya majaribio ya balbu iweke kando kabisa. Inavuta umeme mwingi kuliko baadhi ya pini za kontroli boksi zinavyoweza kubeba.

Hatua ya 1: Anza na taa ya injini

Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha gari. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, ama balbu yake imeungua, ama kontroli boksi haipati umeme, ama imekufa.

Ikiwaka, soma kodi. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kile kipande cha waya, kisha rudisha ufunguo ON. Taa ikimetameta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kodi. Ikimeta mara nne, ikapumzika sekunde moja na nusu, ikameta mara mbili, hiyo ni 42, yaani ishara ya spidi. Kodi 12 na 13 zinatoka kwenye distribyuta, 14 ni ishara ya IGF (uthibitisho kwamba cheche imetoka) kutoka kwenye ignaita, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya mgandamizo wa hewa, 41 ni sensa ya throto (mlango wa hewa wa injini).

Kodi moja pekee haitoshi kuihukumu kontroli boksi. Chomoa sensa ya joto la maji, washa gari kama linawaka, kisha soma tena. Kodi 22 ikitokea, ujue ubongo bado unasikia na kujibu.

Hatua ya 2: Umeme na ethi

Hapa ndipo kontroli boksi nyingi nzima huhukumiwa bure. Chomeka sindano kutokea nyuma ya soketi ya kontroli boksi (inapokaa imeelezwa Hatua ya 5), upande wa waya, na soketi ikiwa imechomekwa mahali pake. Pini ya BATT isome volti ya betri muda wote. Pini ya +B isome volti ya betri ufunguo ukiwa ON. +B ikikosekana, angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia mafuta) ya ampea 15 na relei kuu ya EFI kwanza.

Ethi usiipime kwa omu. Waya wenye nyuzi mbili tu zilizobaki utakuonyesha sifuri ya omu, ukielemewa na mzigo unashindwa. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye pini ya ethi E1, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.2, ethi ni mbovu. Rudia kwa E01 na E02. Nyaya hizo zimefungwa kwa bolti kwenye injini, na mara nyingi mtu aliyewahi kufungua manifoldi amesahau kurudisha moja au ameibana juu ya rangi na kutu. Fungua, piga msasa, bana upya.

Hatua ya 3: Volti 5

Pima kati ya VC (pini inayolisha sensa volti 5) na E2 (ethi ya sensa), ufunguo ukiwa ON. Unatakiwa upate 4.5 hadi 5.5. Ukipata sifuri huku +B na ethi ni safi, usikimbilie kununua. Chomoa sensa ya mgandamizo wa hewa, tazama mita. Halafu ya throto, tazama mita. Volti 5 zikirudi ulipochomoa mojawapo, sensa hiyo imeshoti na kontroli boksi ni nzima. Zisiporudi hata baada ya kuchomoa zote mbili, na waya wa VC haujagusa bodi mahali popote, sasa una haki ya kuishuku.

Volti 5 zikiwepo, pima na PIM, yaani pini ya ishara ya sensa ya mgandamizo wa hewa. Ufunguo ON na injini imezimwa, isome 3.3 hadi 3.9 kwa mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, itasoma chini zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Usiitupe sensa kwa kosa hilo.

Hatua ya 4: Tafuta kilichoiua

Chomoa soketi za nozeli (vinyunyizio vya mafuta) moja moja uzipime: kila moja iwe na omu 13 hadi 14 ikiwa imepoa. Ukipimia kwenye soketi ya kontroli boksi na nozeli mbili zinatumia pini moja, tegemea karibu omu 7. Nozeli iliyoshuka hadi omu 2 au 3 huunguza transista inayoiendesha.

Mshukiwa mwingine ni vali ya hewa iliyo chini ya throto. Maji ya rejeta yanapita jirani yake. Sili ikichoka, maji huingia kwenye koili, koili inashoti, na kontroli boksi inalipa. Ichomoe soketi utazame pini. Ukiona ukijani au unyevu, usifunge kontroli boksi nyingine kabla ya kubadilisha vali hiyo.

Pima na chaji ya alternata: 13.9 hadi 14.8, injini ikiwa inaunguruma. Na ule mtindo wa kuvua kichwa cha betri injini ikiwa imewaka ili "kupima alternata" uachwe kabisa. Betri ndiyo inayomeza miruko ya umeme. Ukiivua, mruko wote unaishia kwenye kontroli boksi.

Hatua ya 5: Toa, fungua, nusa

Vua kichwa hasi cha betri. Gari likiwa na eabegi, subiri sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi. Kontroli boksi hukaa ndani ya gari nyuma ya dashibodi. Fuata furushi nene la waya linalopita ukuta wa injini. Bonyeza kufuli la soketi, vuta soketi yenyewe, usivute waya.

Fungua kasha lake, unuse kabla ya kutazama. Harufu ya samaki aliyechacha ni kapasita zilizovuja. Kisha tazama: miguu ya kapasita imekuwa ya kahawia, na njia za shaba zilizo karibu zimegeuka kijani au nyeusi. Kama ni ukungu mweupe na kutu kwenye pini, hayo ni maji, na mara nyingi bomba la kutolea maji ya eyasii limeziba yakamwagika ndani. Lizibue kwanza.

Hatua ya 6: Tengeneza au nunua

Kapasita zikiwa zimevuja na njia bado zipo, tengeneza. Badilisha zote, si ile iliyovuja tu, maana umri wao ni mmoja. Mikrofaradi zilingane, volti zilingane au zizidi, na ziwe za nyuzi joto 105. Mstari pembeni ya kapasita ni upande wa hasi. Piga picha kabla hujatoa. Kwangua vanishi juu ya lehemu, tumia pasi yenye joto la nyuzi kama 350, usikae pini moja zaidi ya sekunde chache, la sivyo pete ya shaba inabanduka. Safisha kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini. Njia iliyokatika, iunge kwa uzi mwembamba wa shaba.

Ukinunua iliyotumika, iwe Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala), nenda na ya zamani mkononi. Namba ya Toyota inaanza na 89661, na tarakimu au herufi tano zinazofuata lazima zifanane zote. Soketi kuingia si ushahidi. Ya gari la manyuo haiendi kwenye la otomatiki linalobadilisha gia kwa umeme. Magari ya baadaye yenye funguo za chipu yana kizuizi cha ziada: injini inaweza kuwaka na kuzima papo hapo mpaka ufunguo na kontroli boksi vitambulishwe. AE100 halina shida hiyo.

Muuzaji akikuruhusu, fungua kifuniko hapohapo dukani. Nayo ina miaka 30, inaweza kuwa inanuka vilevile.

Hatua ya 7: Funga

Chomeka soketi zote betri ikiwa bado imevuliwa, ndipo urudishe kichwa hasi. Geuza ufunguo ON, hakikisha taa inawaka na VC inasoma volti 5. Washa. Acha injini ipate joto kamili, feni ya rejeta izunguke.

Sasa unganisha tena TE1 na E1, uweke taimingi (wakati wa cheche) kwenye nyuzi 10 kabla ya TDC, yaani pistoni ikiwa juu kabisa, kwa taa ya taimingi. Bila waya huo kontroli boksi inasogeza taimingi yenyewe na utaseti uongo. Toa waya, zima, chomoa fyuzi ya EFI kwa zaidi ya sekunde 10 kufuta kodi za zamani.

Endesha nusu saa, eyasii ikiwa imewashwa, kisha simama uguse kasha la kontroli boksi kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Likiunguza mkono, zima gari na urudi Hatua ya 4.